Ni Nani Aliyelipa? Safari ya Wakenya Watano Kwenye Majengo ya Wafalme wa Kimughal

Miaka hii Wakenya wengi huenda Bara Hindi si kwa biashara wala kwa kutembea, bali kwa kutafuta matibabu. Mgonjwa hupasuliwa, kisha hukaa siku nyingi akingoja daktari amruhusu kupanda ndege. Na jamaa aliyemsindikiza hukaa naye, akihesabu siku na kuhesabu fedha. Katika nyumba moja ya wageni mjini Delhi walikutana Wakenya watano wa namna hiyo. Wa kwanza alikuwa mzee mkulima wa kahawa, ambaye mkewe alikuwa amepasuliwa moyo. Wa pili alikuwa karani mstaafu wa ofisi ya ardhi. Wa tatu alikuwa mwashi wa Mombasa, aliyezoea kujenga kwa mawe na chokaa. Wa nne alikuwa mwalimu wa kike aliyemleta mdogo wake, na wa tano kijana mwanafunzi aliyemsindikiza baba yake.

Wagonjwa wao walipokwisha kupata nafuu, na jamaa wengine walipokubali kuwaangalia, watano hawa walichanga fedha wakakodi gari na dereva kwa siku tatu, wapate kuona majengo ya kale ambayo habari zake husomwa shuleni. Mzee alisita, maana hakupenda kumwacha mkewe hata usiku mmoja. Lakini mkewe ndiye aliyemhimiza. "Nenda, Mzee," alimwambia. "Ukirudi unieleze uliyoyaona. Lakini usinieleze uzuri peke yake. Nyumba kubwa hivyo hazijengwi kwa maneno. Uulize ni nani aliyelipa."

Mzee aliyaweka maneno hayo moyoni, na wenzake walipoyasikia waliyachukua nao yakawa yao.

KABURI LENYE MIFEREJI

Siku ya kwanza hawakutoka Delhi. Walikwenda kwenye kaburi la Humayun, mfalme wa pili wa ukoo wa Kimughal. Ukoo huo ulianza kutawala katika mwaka wa 1526, wakati Babur, aliyetoka Asia ya Kati, alipomshinda Sultani wa Delhi katika vita vya Panipat. Humayun mwanawe alinyang'anywa nchi akakaa uhamishoni miaka mingi. Akairudisha, na kabla hajaifaidi, katika mwaka wa 1556, alianguka katika ngazi za maktaba yake akafa.

Kaburi lake lilijengwa katika miaka ya 1560, likamalizika yapata mwaka wa 1572. Limesimama juu ya ukumbi mpana wa mawe, kuta zake ni za mawe mekundu yaliyopambwa kwa marumaru nyeupe, na kuba yake ni nyeupe pia. Kulizunguka kuna bustani kubwa iliyogawanywa mara nne kwa mifereji iliyonyoka, na kila sehemu ikagawanywa tena. Wafalme hao walitaka bustani ya kaburi iwe mfano wa bustani ya peponi.

Mzee hakutazama kuba kwanza. Aliinama akatazama mfereji. Maji yalikwenda polepole sana, na mteremko wake ni mdogo hata jicho halioni. "Mtu aliyepima mfereji huu alijua kazi yake," alisema. "Mimi nimelima miaka arobaini, na maji ya shamba langu bado yananishinda."

Mwashi naye alikuwa na lake. Alisikia kwamba katika karne ya 20 mafundi waliokuwa wakitengeneza jengo hilo walitia saruji nyingi juu ya paa, na kwamba saruji hiyo ilizidi kulilemea na kulifungia unyevu ndani. Shirika la utamaduni la Aga Khan, likishirikiana na idara ya mambo ya kale ya India, lilitengeneza kwanza bustani na mifereji yake, likamaliza katika mwaka wa 2003. Kisha, tangu 2007 hata 2013, likalishughulikia kaburi lenyewe: saruji ya paa ikaondolewa, na chokaa ikarudishwa kama ilivyokuwa zamani. Ndilo shirika lile lile lililotengeneza jumba la zahanati ya kale katika Mji Mkongwe wa Unguja. "Wamefanya vema," mwashi alisema. "Chokaa hupumua. Ukiliziba jiwe la kale kwa saruji, maji hukaa ndani yakalila jiwe."

Kijana aliuliza kwa nini watu walipe fedha nyingi hivyo kwa ajili ya mfalme aliyekufa zamani. Karani akamjibu kwamba mahali hapo si pa mfalme mmoja tu. Watu zaidi ya mia moja wa ukoo huo wamezikwa hapo. Na hapo ndipo askari wa Waingereza walipomkamata Bahadur Shah Zafar, mfalme wa mwisho, katika mwaka wa 1857. Walimpeleka Rangoon, akafa huko mwaka wa 1862. Basi enzi yao ilifungwa katika bustani ile ile alimozikwa mfalme wao wa pili.

MJI ULIOHAMWA

Siku ya pili waliondoka alfajiri kwenda Agra, safari ya zaidi ya kilomita 200, kwa barabara pana iliyofunguliwa mwaka wa 2012. Hawakusimama mjini, bali walipita wakaenda kilomita 37 hivi zaidi, mpaka Fatehpur Sikri.

Mji huo ulijengwa na Akbar, mwana wa Humayun, aliyetawala tangu 1556 hata 1605. Alirithi enzi akiwa mtoto wa miaka 13, akaifanya kuwa dola kubwa. Hakuwa na mtoto wa kiume aliyebaki hai, akaenda kwa shehe mmoja mcha Mungu, Salim Chishti, aliyekaa katika kilima cha Sikri. Na katika mwaka wa 1569 akazaliwa mtoto, akaitwa Salim kwa jina la shehe. Ndiye aliyetawala baadaye kwa jina la Jahangir. Kwa shukrani Akbar alianza kujenga mji mkuu mpya kilimani hapo katika mwaka wa 1571.

Wasafiri walipita penye lango kuu, ambalo urefu wake ni mita 54 hivi, wakavua viatu na kuingia katika ua wa msikiti. Ndani yake lipo kaburi la shehe, la marumaru nyeupe, na madirisha yake ni ya mawe yaliyotobolewa kama kimia. Wanawake walikuwa wakifunga nyuzi katika matundu hayo, wakiomba watoto. Mwalimu alisimama hapo kitambo akiwatazama, asiseme neno.

Walionyeshwa jumba la orofa tano, kila orofa ndogo kuliko iliyo chini yake, na chumba chenye nguzo moja ya ajabu katikati. Waliambiwa pia habari za nyumba ambamo tangu mwaka wa 1575 Akbar alikusanya wanavyuoni wa Kiislamu, na baadaye Wahindu, Wajaini, Wazoroasta na mapadri Wakatoliki kutoka Goa, wajadiliane mbele yake. Mfalme huyo alikuwa ameiondoa kodi waliyotozwa wasio Waislamu, katika mwaka wa 1564.

Hapo ndipo karani alipokumbuka swali la mke wa Mzee, akaanza kueleza mambo aliyoyasoma zamani alipokuwa kazini. Akbar alikuwa na waziri wa fedha, jina lake Raja Todar Mal. Zamani zile mashamba yalipimwa kwa kamba ya katani. Kamba ikilowa hujikaza ikawa fupi, na shamba likaonekana kubwa kuliko lilivyo. Mkulima akatozwa kodi ya ardhi asiyokuwa nayo. Serikali ya Akbar iliiacha kamba, ikatumia vipande vya mianzi vilivyounganishwa kwa pete za chuma, ambavyo havibadiliki kwa umande wala kwa jua. Kisha katika mwaka wa 1580 ikafanywa hesabu ya mavuno na bei za miaka kumi iliyopita, na kodi ikawekwa kwa wastani wake. Sehemu ya mfalme ilikuwa theluthi moja ya mavuno, nayo ililipwa kwa fedha taslimu.

"Theluthi!" Mzee alisema. "Katika magunia matatu, moja ni la mfalme?"

"Ndiyo, Mzee," karani akajibu. "Na hiyo ilihesabiwa kuwa ni haki, kwa maana mkulima alijua kiasi kabla ya kuvuna. Baadaye, katika siku za mjukuu wake, mahali pengi ilifika nusu."

Mzee akazitazama upya kuta zile nyekundu. Akauliza mbona mji mzuri namna hii hauna watu. Akaambiwa kwamba Akbar alihamia Lahore katika mwaka wa 1585, miaka 14 tu baada ya kuanza kujenga. Wengine hutaja vita vya mipakani, wengine hutaja uhaba wa maji juu ya kilima. Mzee alikumbuka mifereji ya Delhi. "Basi wakulima walilipa mji mzima," alisema, "na mji wenyewe haukukaliwa hata umri wa mti mmoja wa kahawa."

Mwashi akaongeza kwamba wakati Wareno walipokuwa wakijenga Ngome ya Yesu huko Mombasa, katika miaka ya 1593 hata 1596, Akbar alikuwa bado anatawala. Kila mtu mkubwa wa wakati ule, alisema, alikuwa akitafuta waashi.

TAJ MAHAL

Walilala Agra, na siku ya tatu wakaamka kabla ya jua. Walikuwa wameangalia isiwe Ijumaa, kwa maana siku hiyo Taj Mahal hufungwa kwa wageni. Magari ya moshi hayaruhusiwi kukaribia. Wageni hushuka mbali wakaenda kwa miguu au kwa magari ya umeme.

Lango la mawe mekundu huificha Taj mpaka mtu aingie. Mara huiona yote, nyeupe, mwisho wa mfereji mrefu. Urefu wake hata kilele ni mita 73. Minara minne iliyoizunguka imeinamishwa kidogo nje, ili nchi ikitetemeka iangukie mbali na kaburi. Mwashi alitaka kujua msingi, kwa maana mto Yamuna upo nyuma yake na udongo wa mtoni ni laini. Akaelezwa kwamba mafundi walichimba visima vingi, wakavijaza mawe na chokaa, wakajenga juu yake. Marumaru zilitoka Makrana, huko Rajasthan, mamia ya kilomita kwa njia ya nchi kavu. Katika marumaru hizo wamechonga maua, na kila jani limetiwa vito vya rangi vilivyokatwa vyembamba hata kidole hakihisi kiungo.

Aliyezikwa humo ni Mumtaz Mahal, mke wa mfalme Shah Jahan, mjukuu wa Akbar. Waliooana mwaka wa 1612. Mwalimu ndiye aliyehesabu: katika miaka 19 mama huyo alizaa watoto 14, na nusu yao walikufa. Katika mwaka wa 1631, akiwa Burhanpur pamoja na mumewe aliyekuwa vitani, alijifungua mtoto wa 14, akafa. Alikuwa malkia, na waganga wa mfalme walikuwapo. "Hata hivyo alikufa kwa uzazi," mwalimu alisema. "Watu husema hapa ni mahali pa mapenzi. Mimi naona ni mahali pa mama aliyekufa kwa uzazi."

Ujenzi ulianza mwaka wa 1632, na kazi yote pamoja na bustani na nyua zake ilimalizika yapata mwaka wa 1653. Husemwa kwamba watu 20,000 walifanya kazi hapo. Mjenzi mkuu anayetajwa ni Ustad Ahmad wa Lahore. Mmoja wa waelekezaji wa wageni alisimulia kwamba mfalme aliwakata mafundi mikono wasijenge tena jengo kama hilo. Karani, kwa adabu, akauliza habari hiyo imeandikwa wapi. Mwelekezaji akacheka. Ukweli ni kwamba hakuna waraka unaosema hivyo. Na Ustad Ahmad huyo huyo alifanya kazi baadaye katika kuijenga Ngome Nyekundu ya Delhi, iliyoanzwa mwaka wa 1639. Karani alipendezwa zaidi na jambo jingine: shamba la Taj lilikuwa mali ya Raja Jai Singh wa Amber, naye mfalme hakulitwaa bure, bali alimpa majumba manne mjini Agra badala yake, na hati ya mabadilishano hayo ipo hata leo.

Ndipo Mzee akauliza swali lake. Jibu lake ni hili. Mwandishi wa habari za mfalme aliandika kwamba kazi ile iligharimu rupia milioni tano. Fedha hizo zilitoka katika hazina, na hazina ilijazwa na kodi ya mashamba. Kaburi lilipokwisha, mapato ya vijiji 30 vya karibu na Agra yaliwekwa wakfu kwa ajili ya kulitunza, pamoja na kodi za maduka na nyumba za wageni zilizokuwa mbele ya lango.

Tena kuna jambo ambalo wageni wengi hawaambiwi. Katika mwaka wa 1630 mvua zilikosekana katika nchi za Gujarat na Deccan, kukaja njaa kubwa iliyoendelea hata 1632. Watu wengi mno walikufa, na vijiji vikabaki vitupu. Burhanpur, alikofia Mumtaz, ilikuwa katika nchi ile ya njaa. Shah Jahan alifungua majiko ya kugawa chakula na kusamehe sehemu ya kodi, lakini njaa ilikuwa kubwa kuliko msaada. Wale waliokufa njiani hawana kaburi linalojulikana.

Watano hao walikaa kimya. Kijana ndiye aliyesema kwamba basi afadhali jengo lisingalijengwa. Mwashi akakataa. Alimwonyesha sakafu, ambapo juu ya baadhi ya mawe kuna alama ndogo, nyota na maua, zilizochongwa na waashi ili kazi ya kila mmoja ijulikane. "Hawa nao walikuwa watu," alisema. "Jina la mfalme linajulikana. Ukilibomoa jengo, wa kusahauliwa ni hawa."

Kwa sasa adui wa Taj ni moshi, vumbi na mto mchafu. Marumaru zilianza kugeuka rangi ya manjano. Katika mwaka wa 1996 Mahakama ya Juu ya India iliamuru viwanda vya eneo lile viache makaa vitumie gesi, au vihame. Mafundi huzipaka kuta udongo maalumu, wakauacha ukauke, kisha wakauosha pamoja na uchafu. Lakini Yamuna bado ni mto mchafu, na wadudu wanaozaliwa katika maji yake wamepata kutia madoa ya kijani katika kuta. Leo wanaolipa gharama za utunzaji ni wananchi wa India pamoja na wageni wanaokata tikiti, nao wageni hutozwa zaidi kuliko wenyeji.

DIRISHA LA NGOME

Mahali pa mwisho palikuwa Ngome ya Agra, iliyojengwa upya na Akbar tangu mwaka wa 1565, ambayo mzunguko wa kuta zake ni kilomita mbili na nusu hivi. Katika mwaka wa 1658 Shah Jahan alinyang'anywa ufalme na mwanawe Aurangzeb, akafungwa humo. Alikaa miaka minane, akitunzwa na bintiye Jahanara, mpaka alipokufa mwaka wa 1666. Alizikwa kando ya mkewe. Na kwa kuwa chumba kilipimwa kwa ajili ya mmoja, kaburi lake ndilo kitu pekee kisicholingana na kingine katika jengo lote.

Kuna roshani ya marumaru juu ya ukuta, na kutoka hapo Taj huonekana kwa mbali, ndogo kama kikombe. Mzee alisimama hapo muda mrefu. Wenzake walidhani atasema neno. Akamwuliza dereva tu kama wataweza kufika Delhi kabla hospitali haijafunga mlango kwa wageni.

MAJIBU

Msomaji atakayepita Delhi kwa haja yoyote asikose kuyaona mahali haya. Aende katika miezi ya Novemba hata Februari, wakati joto ni dogo. Achukue maji ya kunywa. Afike asubuhi mapema. Na asiamini kila hadithi anayosimuliwa langoni.

Mzee alifika kwa mkewe jioni ile, akamweleza kila kitu kwa utaratibu: mifereji, mji mtupu, kimia cha mawe, malkia na watoto wake 14, na mfalme dirishani. Mwisho akasema, "Uliniuliza ni nani aliyelipa. Ni wakulima. Theluthi ya mavuno, na baadaye nusu. Na vijiji thelathini viliwekwa kulitunza kaburi moja."

Mkewe alifikiri kidogo. "Na mama huyo," akauliza, "kama angalizaa katika hospitali kama hii, angalikufa?"

"Labda asingalikufa," Mzee akajibu.

"Basi tukirudi nyumbani," mama akasema, "ile harambee ya wodi ya wazazi, ambayo ulisema tungoje mpaka kahawa ilipwe, tusingoje."

Baada ya siku tisa daktari alimruhusu kusafiri.